Mwanafunzi wa Likizo

Mama,

Shikamoo. Naiandika tu, maana marahaba yako ndiyo ninayoikosa kuliko vyote. Ulikuwa unaniitikia hata sijashuka kwenye bodaboda.

Shule tumefunga. Watoto wamechukua ripoti zao wakatoka mbio, mimi nikabaki ofisini nikijifanya napanga vitabu. Ukweli ni kwamba niliiogopa likizo hii. Kila tulipofunga shule hapa Bagara nilikuwa namleta Neema kwako Singe, moyo wangu unatulia. Safari hii sikuwa na wa kumkabidhi.

Kuna jambo sijakuambia. Mjukuu wako ameacha kusoma. Yule yule aliyekuwa anasoma mpaka maandishi ya mfuko wa mbolea! Yuko darasa la pili, wenzake wanasoma hadithi nzima, yeye anafungua kitabu na kukitazama bila kufungua mdomo. Mwalimu wake, ambaye ninakaa naye meza moja, aliniambia kwa upole kwamba mambo yakiendelea hivi itabidi arudie darasa. Nimembembeleza. Nimemfokea. Nimempeleka hospitali akapimwa macho, wakasema macho ni mazima.

Sababu niliijua siku moja tukitoka kanisani. Aliniuliza ni nani aliyeandika jina la Bibi kwenye msalaba. Nikamwambia ni fundi seremala. Akasema, "Bibi alikuwa hajafika mwisho. Mbona yule fundi amemmalizia?" Kisha akatangulia mbele mpaka nyumbani.

Wewe ungemwelewa upesi. Babu alikupeleka kuchunga ng'ombe wakati kaka zako wanakwenda shule, na hilo hukulisahau, ingawa hukulilalamikia. Kwa hiyo shule zikifungwa, wewe ndiye uliyekuwa unafungua yako. Ulipita kwa majirani ukiwaambia watoto: nyie mmefundishwa muhula mzima, sasa njooni mnifundishe mimi. Ulikaa kwenye kigoda mbele ya stoo, ungo mkononi, ukipepeta maharage, na kila mtoto alisimama mbele yako kueleza alichojifunza. Na hukuwa mwanafunzi rahisi. "Hapo sijaelewa. Rudia, mwalimu." Aliyekuambia dunia inazunguka ulimwonyesha sufuria ya maziwa na kumuuliza mbona hayamwagiki. Maskini, alikwenda kumsumbua mwalimu wake wa sayansi mpaka nyumbani kwake, akarudi kesho yake na jibu, kifua mbele. Ulipoelewa ulidai haki yako. "Vema yangu iko wapi?" Mtoto anachukua kipande cha mkaa, anakuchorea alama ya vema kwenye mlango wa stoo. Mlango ule sasa ni mweusi kwa alama. Za kwanza kabisa, kule chini, ni zangu.

Kuandika ndiko ulikokataa miaka yote, ukisema mikono ina kazi. Mpaka juzi juzi tu, ulipochoka kupakwa wino kidole kila unapotakiwa kusaini. Ukaweka ungo chini, ukamwambia Neema akufundishe jina lako. Mlikuwa mnaandika kwa kijiti hapo uani, na ulipokosea ulifuta kwa mguu na kuanza upya. Mlifika "Yusti". Ulisema zile herufi mbili za mwisho mtazimaliza akija likizo hii. Mahindi yalikuwa bado hayajafika magotini presha ilipokuchukua.

Basi nimekuja Singe, Mama, na usinicheke. Nilikuja na ubao mweusi na karatasi za mazoezi nilizotoa kopi mjini. Nilitaka kuendeleza kazi yako, tena niiboreshe. Watoto wa jirani walikuja siku ya kwanza, wakakaa wima kama wako kwenye mtihani. Siku iliyofuata walipungua. Baadaye akabaki binti mmoja, naye nadhani alikuja kwa sababu ya uji. Nilimwomba anifundishe walichosoma muhula huu, kama alivyokuwa anafanya kwako. Akanitazama kwa huruma. "Lakini mwalimu, wewe si unajua tayari?" Kesho yake naye hakuja. Neema alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha stoo, mgongo kwenye ule mlango.

Maharage lakini hayasubiri mtu. Kaka Paulo na vijana waliyapiga kwenye turubai, na wifi ana mtoto mchanga mgongoni, kwa hiyo ungo ukanifikia mimi. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Sijui kupepeta. Umri huu! Nimezaliwa kwenye maharage, lakini kila likizo wewe ulipepeta na mimi nikasimama nikikusomea. Hukuwahi kuniachia ungo hata mara moja.

Nilirusha. Makapi yakabaki, maharage yakaenda kwa kuku. Paulo alicheka mpaka akaketi chini. Nikarusha tena, kuku wakaitana.

"Mama, sivyo," Neema alisema pale kizingitini.

Akaja, akanichukulia ungo. Akaniambia niupe upepo mgongo, nisirushe kwa mabega, nitikise kidogo kwanza ili makapi yapande juu. Alisema haraka haraka, nami sikushika hata nusu. Nikajikuta nasema, "Hapo sijaelewa. Rudia, mwalimu."

Naapa sikupanga. Nilikuwa sijaelewa kweli. Neema alisimama akinitazama. Halafu akarudia. Polepole, kwa ile sauti aliyokuwa anaitumia kwako, akinishika viganja na kunisogeza vidole. Nikakosea, akarudia. Tuliendelea hivyo mpaka gunia likajaa, mabega yangu yanawaka moto, na yeye anaongea tu: Bibi alifanya hivi, Bibi alisema vile, Bibi hakupenda yenye vumbi. Nilikuwa sijamsikia akiongea kiasi kile tangu tulipokuzika.

Ungo wa mwisho ulitoka safi. Si safi kama wako, lakini kuku hawakupata kitu. Nikamuuliza, "Vema yangu iko wapi?"

Aliokota mkaa jikoni akaenda mlangoni. Akainua mkono, akaziangalia zile alama zako zote, kisha akaushusha na kukimbia nyuma ya nyumba, kwenye mahindi. Nikamfuata. Nilimkuta amepiga magoti kwenye kaburi lako, kidole kiko juu ya msalaba. Alisoma kwa sauti. Akafika pale mlipoishia akasimama, nami nikasimama huko nyuma. Akavuta kamasi. Akaendelea mpaka mwisho. Yustina. Halafu akasoma vyote vilivyobaki, siku uliyozaliwa, siku uliyotuacha, na pumzika kwa amani.

Pembeni ya jina lako akachora vema kwa ule mkaa, kubwa, iliyopinda kidogo. "Bibi amemaliza," aliniambia. Nililia, Mama. Nililia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka, na yeye akanishika gauni akanisubiri. Tuliporudi ndipo akanichorea na mimi yangu mlangoni.

Paulo alipoiona alisema msalaba umechafuliwa, akaleta kitambaa. Nimemkataza. Tukipata nafasi ya kukujengea kaburi kwa saruji nitamwambia fundi asiiguse alama ile, na mvua ikiifuta, Neema ataichora tena.

Sasa anasoma. Jana jioni alimsomea mtoto wa wifi ukurasa mzima, ingawa mtoto alikuwa amelala. Sijui mwalimu wake ataamua nini shule zikifunguliwa, na bado naogopa kidogo. Ila ule ubao nimeuegemeza nyuma ya banda la kuku, na wale watoto wameanza kuchungulia tena getini.

Lala salama, Mama. Umefanya kazi, na vema yako umeipata. Nakuahidi Desemba tukifunga shule nitakuja kukaa kwenye kigoda chako, mbele ya stoo, na mlango uko wazi kwa kila mtoto mwenye la kunifundisha. Nisiyoyajua ni mengi kuliko nilivyodhani. Neema amesema nisichelewe kuja, maana vema yangu ile alinipa kwa kunionea huruma tu, na kupepeta bado sijafaulu.

Mwanao,
Regina