Mpira Tuliouharibu kwa Kuung'arisha

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulale umeegemea mto kama mtu anayesubiri zamu yake ya kurusha, usiamke. Wenzetu wakifikisha mwaka huandika kwamba pengo halijazibika. Letu pia halijazibika. Lakini leo tuna jambo zito la kukwambia, na tunalisema mbele za watu kwa sababu ndivyo tulivyotakiwa. Tumekuaibisha.

Tuanze na mema, maana ni mengi.

Ulikuwa fundi viatu kabla magazeti hayajakujua, na ukabaki fundi viatu yalipokujua. Mchana ulipigilia visigino, jioni ulikuwa kiwanjani. Warushaji wengine wa kriketi walitegemea mbio na mabavu. Wewe ulitembea hatua chache, ukauachia mpira polepole huku kidole chako cha shahada kikiuzungusha. Mpira ulitua pale mpigaji alipopataka, kisha ukakata kona kama mtoto aliyemwona mwalimu wake sokoni. Wakakuita Kizunguzungu. Tukiwa wadogo tuliusikia uwanja mzima ukipiga kelele, "Kizunguzungu kimewashika!" nasi tukajiona sisi ndio tumerusha.

Nyumbani nako hukuacha kuzungusha. Chungwa, kopo la rangi, kitunguu.

"Baba watoto," Mama alikuwa akisema, "hicho kitunguu nakitaka kwenye sufuria, sikitaki timu ya taifa!"

"Kinaanza mazoezi tu, mama watoto. Usikikatie tamaa."

Kidole kikitoka malengelenge ulikunywa chai kwa mkono wa kushoto msimu mzima, na Bibi akakugombeza msimu mzima. Mama mmoja mjane alikuletea viatu vya marehemu mumewe. Ukavishona vizuri, ukavifunga kwenye karatasi safi, wala hukumuuliza vitavaliwa na nani.

Kisha ukamtoa mpigaji wako wa mia nne na kumi na moja, idadi ya wiketi ambayo hakuna mrushaji wa timu yetu ya taifa aliyewahi kuifikia. Ulipewa mpira wa siku ile. Ulikuwa umechakaa, ngozi imekwaruzika upande mmoja, na uzi wa mshono umenyanyuka pale ulipokuwa ukikaza ukucha. Uliuweka dukani kwenye rafu, kati ya kalibu za kuundia viatu, ukatukataza hata kuufuta vumbi. "Huo ndio mkono wangu," ulisema. "Uacheni na uchafu wake."

Ulipougua ulituita wote chumbani. Ulisema maneno machache, na leo tunayaandika kama ulivyoyasema: "Mpira huo mpeni Gundi. Nusu ya hizo wiketi ni zake."

Kwa wasiomjua, Mzee Gundi ndiye aliyekuwa mlinda wiketi wako. Alichuchumaa nyuma ya vijiti vitatu na kudaka kila kilichompita mpigaji, na kilichogusa glavu zake hakikubanduka. Kutoka pale alikiona kitu ambacho wewe usingeweza kukiona: kisigino cha nyuma cha mpigaji. Kikianza kunyanyuka kwa pupa, Gundi alikohoa. Nawe ukaurusha nje kidogo, ukiwa umeuzungusha zaidi. Mpigaji akaufuata nje ya mstari wake, akapiga hewa, akageuka na kukuta Gundi ameshaangusha vijiti, naye ametolewa. Watu walidhani ana kifua. Mama aliwahi hata kumpelekea dawa, mkacheka ninyi wawili mpaka machozi, wala hamkumwambia kwa nini.

Tulikuitikia, "Tumesikia, Baba." Tukakuzika. Mpira hatukuupeleka.

Baba Mkubwa alisema rekodi ni ya ukoo, na kitu cha ukoo hakitolewi nje kama ungo wa kuazima. Hakuna aliyebisha. Tulitengeneza sanduku la kioo, tukaliweka sebuleni, na mimi ninayeshika kalamu hii nikatunga maneno ya kubandika chini yake: "Kazi ya Mkono Mmoja." Niliyaona maneno matamu. Wote waliyaona matamu. Mzee Gundi aliyasikia yakisomwa siku ya arobaini yako, akaitikia kwa kichwa, akaaga.

Tungeishia hapo, aibu ingekuwa moja. Lakini mwaka ukakaribia, tukataka wageni waukute mpira unapendeza. Unaijua nyumba yako, Baba. Kwetu kitu hakitoki mikononi mwa fundi kabla hakijang'aa. Baba Mkubwa akaupiga msasa. Dada akachanganya rangi nyekundu mpaka ikafanana na ya mpira mpya. Kaka akauchomoa uzi wa zamani na kuushona mshono wote upya. Mimi nikamalizia kwa nta na brashi. Tulipokezana mchana mzima kwa furaha, huku tukikusifu. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ulitukataza. Na kila mmoja alifanya kazi yake vizuri mno.

Jumamosi akaja Mzee Gundi. Macho yake yameingia ukungu siku hizi, mkewe alimshika mkono. Hakuja kudai kitu.

"Shemeji," alimwambia Mama, "niruhusu niushike kidogo tu. Nataka kumsalimia."

Mama akafungua kioo, akamwekea mpira mkononi. Mzee akaupitisha vidole, akauzungusha, akaanza upya. Tulikuwa tumesimama tukingoja atusifu.

"Uko wapi ule uzi?"

"Uzi upi, Mzee?"

"Ulionyanyuka. Alipokuwa anashika."

Baba Mkubwa akajibu kwa kifua mbele, "Tumeushona wote upya, ndugu yangu! Kwa mkono, uzi wa nta. Hautanyanyuka tena huo."

Mzee Gundi akaupitisha kidole gumba kwenye mshono mpya. Kisha akasema, "Hongereni. Viatu vya duka lenu nimevaa maisha yangu yote, sijawahi kushika kilichopendeza kama hiki." Akamrudishia Mama mpira. Akamgeukia mkewe, "Mama, twende zetu."

Mama alingoja mlango ufungwe. "Mlimwosha mara ya kwanza tukamzika," alituambia. "Safari hii mmemfuta."

Kesho yake tulikwenda kwake, Baba Mkubwa mbele, kofia mkononi. Tukamwekea mpira magotini.

"Chukua, ndugu yangu. Ni wako. Marehemu mwenyewe alisema."

"Alisema lini?"

"Kabla hajafariki."

"Nanyi mlisikia?"

"Tulisikia."

"Wote?"

"Wote," alijibu Baba Mkubwa.

"Basi rudini nao," alisema Mzee Gundi. "Miye sipokei kitu cha kupenyezewa uani. Aliyasema kwenu ndani, nanyi kayasemeni nje, watu wasikie. Mkishayasema nitaupokea hivyo hivyo, na rangi yake ya viatu."

Ndiyo maana tunaandika gazetini. Watu wasikie: rekodi ile ina wenyewe wawili, na familia ilijua mwaka mzima, ikanyamaza kwa kiburi. Maneno yale ya sanduku nimeyabandua kwa mkono wangu. Uzi wako hatuwezi kuurudisha. Kaka alitaka kuuchomoa kidogo mshono mpya, ufanane na wa zamani, Mama akamzuia: "Mkono wa mume wangu nao mnataka kuughushi?"

*Ulirusha, akadaka, sifa tukakupa wewe,*
*Kikohozi kilitoka, mpigaji atolewe,*
*Leo tumeaibika, haki yake na apewe,*
*Nusu yake kwa hakika, si hisani, ni mwenyewe.*

Gazeti hili likitoka, Dada atalipeleka kwa Mzee Gundi amsomee, kwa kuwa macho yake hayawezi tena. Atasoma yote, hata panapotuchoma, na Baba Mkubwa ameomba akae pale pale wakati anasomewa. Mpira utakuwa mkobani. Kama bado anautaka, ataupata. Kama hautaki tena, hatuna la kumlaumu.

Unakumbukwa na mama yako, anayeuliza habari zako kila asubuhi, mkeo, kaka yako, binti yako, wanao wawili wa kiume, wakweo na wajukuu. Unakumbukwa pia na mlinda wiketi wako, ambaye katika tangazo la msiba tuliacha kumtaja, na tuliacha kwa makusudi.

Pumzika, Baba. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote za uhai wetu, na kila utakapotajwa, yeye atatajwa nawe.