Dawa ya Choo kwenye Dole Gumba la Odeta

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mwanza, 19 Februari 1962
Jina: Mwaija binti Muhidin. Umri: miaka 46. Kazi: mkaanga samaki. Makazi: Kirumba.

Nasema kwa hiari yangu, sikutumwa na mtu.

Mnamo Jumatano tarehe 7 Februari, asubuhi, nilikuwa mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhushia samaki, nikiwapasua na jirani yangu Odeta. Mwiba wa samaki aina ya gogogo ukamchoma dole gumba la kulia. Kidonda chenyewe kidogo, kama punje ya mtama. Nikamwambia aoshe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, kisha aje kwangu nimpe dawa ya vidonda. Kifuniko kimoja cha dawa hiyo kwenye bakuli la maji kinatosha.

Jioni mumewe, Malimi, msafisha vyoo wa kiwanda cha pamba, alirudi na chupa ya dawa nyeusi ya kusugulia vyoo. Nilikuwepo. Akalowesha kitambaa bila tone la maji, akalifunga dole, akakaza kwa uzi wa nyavu. Nikasema, "Malimi, hata chooni mnaichanganya na maji!" Akacheka. "Ukitia maji inageuka nyeupe kama maziwa, mama. Nani kaponeshwa na maziwa? Dawa isiyouma siyo dawa."

Kila siku akaongeza dawa juu ya kitambaa kilekile. Jumamosi Odeta akaniamkia, akasema, "Mama, haliumi tena." Jamani! Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamsihi Malimi tumpeleke hospitali. Akanijibu nikatawale nyumba yangu.

Jumatatu tarehe 12, Malimi akiwa kazini, nililifungua mwenyewe. Astaghfirullah! Matumbo ya samaki waliooza nimeyashika miaka yote bila kutapika, lakini siku hiyo nilitapika. Ngozi ilitoka na kitambaa. Dole jeusi kama mkaa, linanuka choo na mzoga pamoja. Nikampeleka hospitali, wakalikata.

Kinachonichefua kuliko uozo ule ni Malimi kusimama wodini akisema dawa ilikuwa nzuri, mke ndiye mlegevu. Uhuru tumepata, na mtu mzima anamsugua mkewe kama choo! Ptu! Andika hivyo hivyo, afande.

Nimesomewa, ni maneno yangu, sipunguzi hata moja.

Sahihi: Mwaija binti Muhidin

Maelezo ya askari: Yameandikwa nami, Konstebo Maige. Shahidi alikataa neno "ptu" lifutwe. Mlalamikaji, Odeta, alikuwa naye, hajui kuandika. Nilipomsogezea wino atie dole gumba kwenye malalamiko yake, alinyoosha mkono wa kulia kwa mazoea, kisha akaurudisha ndani ya khanga. Ametia la kushoto.