Madoa ya Sechelela

Jumatano. Upepo wa vumbi tangu alfajiri, na moyo wangu hautulii.

Asubuhi nimeyahesabu tena madoa miguuni mwa mke wangu, Sechelela, nikaishia njiani. Ni mekundu, madogo kama punje za uwele, na hayafutiki. Hakuna aliyempiga wala hajaanguka. Mkononi ameamka na alama mpya nyeusi, pana kama kiganja, na fizi zinavuja damu. Majirani zetu hapa kambi ya reli wameacha kuja kuomba moto.

Mimi ndiye ninayegawa kwinini, dawa ya malaria, zahanati. Wenzangu hunitania kwamba simwachi mgonjwa mpaka afungue kinywa nione kama kameza. Nyumbani ndiko nimezidi.

Naogopa kuyaandika haya.

Jumapili mama mkwe alikuja kutoka Mvumi na mfupa wa ng'ombe, akauchemsha, akamlisha bintiye uboho. Kwao ndivyo wanavyomrudishia damu aliyeipoteza. Nilicheka kimoyomoyo.

Leo nilipompeleka Sechelela kwa bwana daktari, Mjerumani, nikamsimulia habari ya mfupa ule kama kichekesho. Hakucheka. Alisema ndani ya uboho mna chembe kubwa ajabu, na kazi yake ni kumeguka vipande vidogo vinavyoingia kwenye damu na kuziba kila palipotoboka. Uboho ukiugua, hazimeguki. Mara nyingine zinameguka vizuri, ila kuna kitu huko nje kinaviharibu vile vipande.

Akaweka tone la damu ya Sechelela kwenye hadubini, akatazama kwa muda mrefu. Vipande karibu hamna. Akaniuliza mke wangu anameza dawa gani.

Nikajibu kwa fahari: kwinini, kila Jumanne na Ijumaa, hakosi.

Ndipo nikazihesabu siku. Madoa huja Jumatano na Jumamosi.

Mwezi mzima, kila yalipozidi, nilidhani ni homa nikamwongezea kidonge. Alinisihi mara moja tu: "Usinipe tena, Baba Mika. Kuna kitu kinanila humu ndani."

Nikamwambia afungue kinywa.

Bwana daktari amekataza hata kidonge kimoja. Huenda damu itarudi yenyewe, alisema.

Sasa jua linazama. Meno ya Sechelela yanagongana na mwili unaunguza. Hii ni homa ya kweli, naijua, na dawa yake ni moja tu. Nimkinge na kipi, niache kipi kimchukue?

Vidonge bado vimo mfukoni mwangu. Kila nikisogea vinalia, naye, macho yamefumbwa, anafungua kinywa.