Asumani wa Farasi: Mwaka Mmoja Bila Kengele Yako

Mwaka umekwisha kuzunguka, Baba Sikitu, tangu walipokulaza kwenye nyasi za kiwanja cha polo hapa Butembo, na sisi wa nyumba yako hatukuwepo hata kukufumba macho.

Kilio huanza mfiwa, kwa hiyo naanza mimi, Amina, mkeo. Mdogo wako Amisi alitaka kuandika yeye, lakini kila akifika kwenye jina lako analia, na binti yetu Sikitu anasema baba hapendi kelele. Basi vumilia maneno yangu. Unajua sikuwahi kuwa na ulimi mtamu.

Tunakumbuka ulivyotoka Beni ukiwa kijana, mtoto wa ukoo wa wachuuzi na wenye malori, ukapanda kwenye baridi ya Butembo kutunza farasi wa Wazungu. Kwenu walikucheka. Mwislamu mzima, walisema, anaacha biashara ya baba yake akazoe mavi ya farasi! Walizidi kucheka walipouona mchezo wenyewe: watu wazima juu ya farasi wanafukuzia mpira mdogo kwa nyundo za mti zenye mpini mrefu. Ulicheka pamoja nao, kisha ukarudi bandani kwako.

Uhuru ukaja, Wazungu wa klabu wakaondoka, tukadhani na mchezo umekufa. Lakini chama cha taifa cha polo, kule mji mkuu Léopoldville, kilituma neno: farasi si mali ya walioondoka, ni mali ya chama, nacho ndicho kinachozigawia klabu. Kikamleta daktari wa wanyama. Kikaleta matandiko na dawa, na mtu wa kuwafundisha wachezaji wapya: karani wa posta, askari kutoka mikoa mingine, na Étienne Kalala, mwalimu kutoka Kasai, aliyekuwa akianguka sana mpaka wanafunzi wake wakaanza kuja kumtazama kama sinema.

Farasi aliyeumia alipelekwa kupumzika kwenye nyasi za Alimbongo, juu milimani, na klabu nyingine ikatukopesha wa kwake. Kwa sababu ya kukopeshana huko, chama kilizipa klabu zote kengele ya sauti moja. Ikilia, kipindi kimekwisha, na kila farasi, awe wa hapa au mgeni, anageuka mwenyewe kurudi bandani kwenye maji. Asiyejua kupanda hana la kumfanya.

"Farasi kwanza, mutu nyuma." Ndiyo iliyokuwa kanuni ya chama kuhusu maji, nawe ukaileta mpaka nyumbani kwangu. Bugali unapoa, sombe ya majani ya muhogo inaganda, nafunika sahani yako, wewe uko bandani na ndoo. Kulikuwa na yule jike wa kijivu uliyemwita Bibi Arusi, jina ambalo mimi mwenyewe sikuitwa tena baada ya wiki ya kwanza ya ndoa. Nilimwonea wivu mnyama, na sioni haya kulisema.

Kisha chama kikanyamaza. Daktari hakuja tena, dawa hazikuja, barabara zikajaa bunduki. Uliwakatia farasi majani kwa mkono wako. Ukiulizwa kama wa chama watakuja tena, ulijibu neno moja tu: "Batakuya."

Waliokuja ni waasi, wale waliojiita Simba. Kabla hawajafika, Amisi alikuja na lori lake kutoka Beni, atupeleke Kasindi tuvuke kwenda Uganda. Injini ilikuwa inanguruma mlangoni, nanyi mnabishana.

"Yaya, kaka yangu, panda! Ile ni nyama tu!"

"Hapana yangu, Amisi. Ni ya association, ya chama. Balinitumainia. Nikibaacha, nani atabapa mayi?"

"Donc, basi, tubapeleke Beni kwetu!"

"Beni mbung'o itabamaliza bote, weye unajua. Nitabapandisha Alimbongo." Ukanigeukia. "Mama Sikitu, muende. Miye niko nakuya nyuma."

Nilikukasirikia, Baba Sikitu. Hasira ile ninayo mpaka leo, na ndiyo inayoniamsha asubuhi.

Waasi waliingia kabla hujapata njia ya Alimbongo. Yaliyofuata tumeambiwa na jirani yetu Kavira, aliyeyaona, na Kalala, aliyenusurika. Mkubwa wao alikuja bandani akauliza, "Weye ni mutu ya Bazungu?" Ukamjibu, "Miye ni mutu ya farasi." Wakawachukua farasi wote wawe mali yao, wakakuacha uwatunze. Habari ya kengele hawakuuliza, nawe hukusema.

Walikuwa wanawasaka walimu na makarani wa serikali. Asubuhi moja Kalala na wanafunzi wake, na akina mama wenye watoto mgongoni, walikuwa wanapanda mlima ng'ambo ya kiwanja wakielekea Alimbongo. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema, wakaonekana. Waasi wakaruka juu ya farasi wako na mikuki na bunduki, wakawakimbilia moja kwa moja katikati ya kiwanja.

Kavira alikuwa anachota maji hapo kwako. Akakushika mkono: "Papa Asumani, kimbia na weye!"

"Nikikimbia, nani atapiga?"

Ukaipiga kengele. Kalala anasema aligeuka akaona Bibi Arusi amesimama ghafla, aliyempanda akarushwa juu ya shingo yake, na farasi wote nyuma yake wakageuka kurudi kwenye maji, wengine wakiwa bado na watu wanaopiga kelele mgongoni. Kalala na watu wake wakaingia kwenye mikaratusi. Wote wako hai.

Waasi walirudi kwako wakichechemea na vumbi usoni. Wakasema umewatilia farasi dawa. Hukukana. Kavira anasema uliomba kitu kimoja, uwanyweshe farasi kwanza, kwa kuwa walikuwa wanatoka jasho. Wakakataa. Wakakusimamisha chini ya kengele utazame, wakawapiga risasi farasi. Bibi Arusi peke yake aliruka ua akapotea. Farasi kwanza. Kisha wewe.

Hukuoshwa wala hukupata sanda. Kavira na wanawake wa Kinande walikufunika kwa kitenge chake na udongo wa kiwanja. Mungu amlipe, maana sisi hatuna cha kumlipa. Jeshi la serikali lilipoutwaa tena mji tulirudi, tukakusomea dua.

Mwezi uliopita, Baba Sikitu, mtu wa chama uliyemngoja alikuja kweli. Kijana mwenye tai, mpole. Akauliza farasi wako wapi, nikampeleka kwenye mifupa. Akauliza kama anaweza kuchukua kengele, kwa kuwa ni mali ya chama. Nikamwambia, "Leta mutu yangu kwanza, ndipo nikupe kengele." Aliinamisha kichwa akaondoka bila kengele.

Kalala amemrudisha Bibi Arusi. Wachungaji wa Alimbongo walikuwa wamemficha. Amekonda, ana kovu pajani, na ananichukia kama zamani. Mimi ndiye ninayembebea ndoo sasa. Kila jioni Sikitu anapiga kengele, farasi anainua kichwa kule mbali, anageuka, anarudi kwenye maji.

Nami natazama njia nyuma yake. Ulisema uko unakuja nyuma.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Amina, binti yako Sikitu, mdogo wako Amisi na ukoo wote wa Beni, jirani yako Kavira, na Étienne Kalala pamoja na wale waliopanda mlima siku ile.

Farasi akishakunywa ndipo tunapokula. Sahani yako bado naifunika, Baba Sikitu. Katika nyumba hii hutasahaulika.