Nimemjibu Aliyemtukana Mwende

Jumamosi. Hapa Umoja kuna kibaridi cha kuuma masikio, ila maji ya mfereji yamekuja na nimejaza mitungi yote. Niko sawa.

Shule sikuingia hata siku moja. Haya maneno nayasema tu, simu inaandika. Programu inayoandika aliitengeneza mjukuu wangu Mwende, na anaigawa bure. Mtu yeyote anaweza kuifungua, aone ilivyoshonwa ndani, airekebishe. Watu wa nchi ambazo siwezi hata kuzitamka wameongeza lugha zao humo. Fundi wa viatu pale Majengo, ambaye kalamu ilimshinda kama mimi, humwandikia binti yake kwayo.

Najivuna, sifichi.

Lakini jana nilimkuta Mwende analia. Mtu asiyemjua alikuwa amemwandikia, mbele ya wote wanaoitumia, kwamba kazi yake ni takataka na airekebishe haraka.

"Susu, nimechoka," akaniambia. Susu ni nyanya, kwa Kikamba chetu. "Naiacha. Anayeitaka aichukue."

Nikamtuma aanike nguo, apunge hewa.

Alipotoka kuanika nguo, nikakaa kwenye kompyuta yake. Ukurasa wenye yale matusi ulikuwa bado wazi. Nikabonyeza pale pa kuongea, nikasema: "Wewe bwana, mimi ndiye susu yake Mwende. Umeingia jikoni kwa watu, ukapakuliwa bure, sasa unapiga sufuria teke? Shika mwiko usaidie, ama utoke nje." Kisha kitufe cha kijani. Rangi nazijua.

Mwende aliporudi alishika kichwa. "Susu! Dunia nzima inasoma!"

"Isome."

Alitaka kuyafuta. Nikamwambia akifuta nitasema upya, na safari hii nitamtaja mpaka mamake huyo bwana. Akacheka, machozi yakiwa bado shavuni.

Leo asubuhi yule bwana amejibu. Ameomba msamaha, tena ameleta marekebisho aliyoyatengeneza mwenyewe. Mwende akayapitia, akaguna: "Susu, huyu ameharibu zaidi."

Nikadhani basi, sasa anaiacha kweli. Wapi! Amevuta kiti, na mpaka saa hii anamwelekeza yule bwana kwa kompyuta, mstari kwa mstari, chai imepoa kando yake. Nimemuuliza kama bado anaiacha. "Nani amesema naiacha?" Ati nani!

Je, nilikosea kuingilia kazi ya mtu mzima bila kumuuliza? Nilikosea. Kesho tukitoka kanisani nitamwomba radhi.

Kidogo tu.