Chemchemi Chini ya Kifusi

Mdogo wangu,

Jumatatu asubuhi tulipoteza chemchemi. Mgodi umeifukia kwa kifusi, na miche elfu nne ninayowaoteshea watu wa mgodi wapande kwenye mashimo waliyomaliza kuchimba inanyauka kitaluni. Wewe ukiwa huko mjini kwenye semina, huku hatujambo. Goti la Mama limepoa. Mwanao kang'oka jino, anapiga mluzi kutwa.

Nilimwendea mpima ardhi wa mgodi nikiwa nimefura. Akanikaribisha kiti.

"Dada, makubaliano tunayafuata. Maji hayafukiwi mpaka mwakilishi wa ukoo ayafikie, achovye mkono kuhakikisha pamekauka. Mdogo wako alisema pamekauka."

"Ulimwona akichovya?"

"Mimi nilibaki garini. Alishuka, akaingia vichakani, akarudi upesi. Viatu vilikuwa vinang'aa."

Nilipomsimulia Mama, alicheka hadi akakohoa. "Huyo tangu apewe viatu vya mgodi, tope kwake ni ugonjwa!" Kisha akaenda kuomba ndoo ya maji kwa jirani.

Ijumaa kuna kikao. Meneja amesema wazi kwamba kama mwakilishi hakufika, mgodi wenyewe utagharimia kufukua. Kama alifika, kifusi kinabaki. Ukikiri, utavuliwa uwakilishi. Hilo nalijua, na sitakudanganya kwamba nitakutetea. Lakini tukikosa maji hayo, Mama ataomba ndoo mpaka lini?

Nijibu kabla ya Ijumaa saa tatu asubuhi, na salamu uziache: ulifika, au hukufika?

Dada yako