Pamba Safi Mkono wa Kulia

Mwalimu wangu,

Shikamoo huko uliko. Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungeliona kabla sijaketi, ungesema, "Shusha mabega kwanza, kinanda hakibebwagi." Nimekaa kwenye benchi letu hapa kanisani Nyakato, Musoma. Nilikuja kukuomba ruhusa ya kuacha kufundisha.

Tangu tukuzike kwenu Guta, mambo yamegeuka. Ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni imekwisha. Sasa maduka yamejaa, kila kitu kipo, kinachokosekana ni mtu wa kukinunua. Kanisa nalo limepata kibodi. Unabonyeza kidole kimoja, ngoma zinajipiga, besi inatembea yenyewe. Wazee wa kanisa wakaniita, wakaniuliza kwa upole kabisa: hawa watoto unawasumbua vidole ya nini? Kinanda chetu cha kukanyaga wamekisogeza mlangoni mwa stoo. Wamesema ikifika Krismasi hakuna hata mtoto mmoja anayepiga wimbo mzima kwa mikono miwili, kitatolewa, kipishe viti vya wageni.

Unakijua kile kinanda. Mifuko yake ya upepo uliiziba kwa ngozi ya mbuzi, enzi zile kiraka cha baiskeli kilipokuwa hakipatikani Musoma nzima. Bado kinakohoa ukikikanyaga kwa pupa.

Basi nikarudia dawa yako. Mimi hukunianzisha kwenye kinanda. Ulinikalisha chini mbele ya lundo la pamba, kati ya mkeo na majirani zenu, ukasema: safi mkono wa kulia, fifi mkono wa kushoto, kila mkono na gunia lake, mikono yote kwa pamoja. Nyeupe huku, yenye madoa ya wadudu kule. Mwanzoni mkono wangu wa kushoto ulimfuata mwenzake kama mbuzi wa kamba, nikawa natia safi kwenye gunia la fifi. Ulinicheka mpaka ukakohoa. "Huo mkono hauna akili yake, unaazimaga." Vidole vyangu vikilala bapa ulinirudisha shambani nichume, kwa sababu ganda la pamba humchoma anayechuma kwa kiganja, lazima uvipinde na kutumia ncha. Kidole kidogo, ambacho watu wengi hawakipi kazi yoyote, ulikipa kazi ya kuondoa majani makavu. Nilipokuja kukaa kwenye kinanda, mikono ilikuwa imeshaachana.

Nikaenda Guta kwa Mama, mkeo. Hajambo, ni magoti tu. Akanipa gunia la pamba ya shamba lako, nikalileta Nyakato, nikawakalisha wanafunzi wangu kwenye mkeka. Haukupita muda, mzazi mmoja akaja, kanga kiunoni, amefura. "Mwalimu, huyu nilimleta ajifunze kinanda. Kuchambua pamba tulikuwaga tunachambua kwetu Bunda, na ndiyo tuliyoikimbia!" Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Wengine wakafuata. Akabaki Nyangeta peke yake, binti wa muuza dagaa, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito hata kufunga kifungo.

Pamba ilipokwisha, mimi naye tuliirudisha kwa Mama, safi mbali na fifi mbali, naye akatutuma kwa mnunuzi. Siku hizi wanunuzi ni wengi, kila mmoja na mizani yake, na wa kuuliza daraja la pamba hayupo. Yule kijana akapima, akafungua magunia yote mawili, akayamwaga kwenye lundo moja. Fifi juu ya safi, Mwalimu. Mbele ya macho yetu. Nyangeta akanigeukia: "Sasa sisi tulikuwaga tunachambua ya nini?"

Swali lile lile la wazee. Nilipofika nyumbani nililia, na mume wangu akadhani kuna msiba mwingine.

Leo nimemwita Nyangeta nimwambie yatosha, aende akabonyeze kibodi kama wenzake. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Nikamkuta ameshaketi, anakanyaga, anapiga ule wimbo tuliokuzikia. Aliponiona akaanza upya kumlalamikia yule mnunuzi, hana adabu, hana macho, shingo yote amenigeuzia mimi, na chini mikono inaendelea. Wa kulia unaimba. Wa kushoto unatembea polepole kwa njia yake, haumuulizi mwenzake. Mtoto mwenyewe hakujua. Alipojua, akaacha, akavitazama viganja vyake.

Unajua nilichohisi kwanza? Hasira. Nilikuwa nimeshaamua kupumzika! Genge la nyanya nililotaka kufungua nilikuwa nimeshalipangia mpaka mahali pa kuweka ndoo. Nikamwambia arudie, akaharibu. Nikamwambia asiangalie, aendelee kumsema mnunuzi. Ikarudi. Akafika mwisho wa wimbo, akacheka, nami nikageuka nikajifanya natafuta kitabu cha nyimbo.

Sasa ameenda kwao, na usidhani uchovu umeondoka. Upo, mgongoni pale pale. Krismasi Nyangeta atapiga. Huenda kinanda wakakitoa hata hivyo, maana kibodi ina taa nyingi na wazee wanapenda taa. Wakikitoa nitakibeba kwangu, kikae lilipo kabati. Mume wangu ameshaanza kununa.

Ile ruhusa niliyokuja kuomba, usinipe.

Nakuahidi, msimu ujao nitamleta Nyangeta Guta. Tutachuma kwenye shamba lako, karibu na hapo ulipolala, tutaketi na Mama tuchambue, safi kulia, fifi kushoto. Mnunuzi na achanganye akitaka. Pamba ataichanganya, mikono ya yule mtoto hawezi tena.

Kwaheri, Mwalimu. Wewe shusha mabega, upumzike.

Mwanafunzi wako,
Pendo